Mchungaji Ndagijimana na Ng'ombe Wanaosikiliza

Wasifu wa marehemu Mzee Ndagijimana, 1944–2017. Unasomwa na binti yake, Reine, katika mazishi, Blaine, Minnesota, Jumamosi tarehe 30 Septemba 2017.

Familia ilikuwa imeandika karatasi nyingine. Ilikuwa na maneno ya kuwakaribisha wageni kwenye maonyesho ya kwanza ya picha alizochora Mzee Ndagijimana, mjini Minneapolis, Alhamisi jioni, tarehe 21 Septemba. Wageni walifika na picha zilikuwa zimekwisha kutundikwa ukutani. Mwenye picha alikuwa amekufa nyumbani kwake Coon Rapids kabla mlango wa ukumbi haujafunguliwa, akiwa amevaa kiatu kimoja. Karatasi ile haikusomwa, na leo mnasomewa hii. Wanaoisikiliza katika safu ya mbele bado hawaamini kwamba ndiyo waliyopaswa kuisikia, na hakuna anayejifanya anaamini.

Hati zake zinasema alizaliwa tarehe 1 Januari 1944. Karibu watu wazima wote waliopanda naye ndege ya wakimbizi walipewa tarehe hiyo hiyo, na kila mwaka mpya aliwapigia simu mmoja baada ya mwingine. "Pacha wangu," aliwaambia, "mama yetu alichoka sana siku ile." Mama yake mwenyewe alikumbuka jambo moja tu: kwamba alijifungua wakati wa mvua, wiki ambayo josho la kuogeshea ng'ombe lilimalizwa kujengwa katika ranchi ya Gahira, kwenye milima ya Masisi, Kivu ya Kaskazini. Baba yake alikuwa mchungaji katika ranchi hiyo. Mtoto alikuwa wa tatu kati ya saba, na kitu cha kwanza alichokumbuka maishani ni harufu ya dawa ya josho kwenye mikono ya baba.

Alisoma shule ya misheni kuanzia 1951 hadi 1953. Alijua kusoma, kuandika na kuhesabu, na padri alitaka aendelee. Lakini ranchi ilihitaji watoto wa kulinda ndama, na baba hakuwa mtu wa kumkatalia mwajiri wake. Basi akiwa na miaka tisa alikabidhiwa fimbo na zizi la ndama. Hakuwahi kulalamika juu ya hilo. Alisema tu kwamba padri alikuwa na wanafunzi arobaini waliomtazama mdomo, naye alikuwa na ndama arobaini waliomtazama mikono, na kwamba ndama walikuwa wanafunzi wazuri zaidi.

Alikaa Gahira miaka arobaini na mitatu. Ranchi ilikuwa mali ya Mbelgiji ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Kofia, kisha kuanzia 1974 ikawa mali ya mkubwa mmoja wa Kinshasa ambaye hawakumwita chochote kwa sababu hawakumwona. Milima haikujua tofauti, wala wachungaji hawakuijua sana. Kulipopambazuka ukungu ulijaa mabondeni hata ng'ombe wakaonekana kama wanaogelea, migongo juu, miguu haipo. Wachungaji walipigiana mluzi kutoka kilima hadi kilima ili kila mmoja ajue mwenzake yuko wapi. Jumatatu ilikuwa siku ya chumvi, Alhamisi siku ya josho. Walikuwa watu wa makabila manne, na lugha ya kazi ilikuwa Kiswahili. Kwa Kiswahili waliitana, kwa Kiswahili waliwatukana na kuwabembeleza ng'ombe. Ilipohitajika mtu mwenye mkono mtulivu wa kuandika namba kwenye madebe ya maziwa, Bwana Kofia alimpa Ndagijimana kopo la rangi nyeupe na brashi. Ndiyo shule ya uchoraji aliyosoma, na hakusoma nyingine.

Rangi hiyo ndiyo iliyomwoza mke. Mwaka 1971 binti wa mkamuaji, Pascasie, aliegemea debe lililokuwa na rangi bado mbichi, akaondoka na namba 17 imepigwa kwenye kitenge chake kipya, nyuma, mahali ambapo yeye mwenyewe hakuweza kuiona. Alitembea hivyo hadi nyumbani huku ranchi nzima ikicheka. Jioni baba yake alikwenda kumkabili mchoraji.

"Umemtia binti yangu alama kama ng'ombe wa Mzungu."

"Nisamehe, mzee. Rangi itatoka."

"Haitoki. Mwenye alama yake na aje amchukue."

Walifunga ndoa Septemba mwaka huo huo, kwa mahari ya mtamba mmoja mwekundu. Mama Pascasie amesema tangu siku hiyo, na alisema tena wiki hii, kwamba yeye ndiye mwanamke pekee wa Masisi aliyepakwa rangi kwanza na kuposwa baadaye. Walijaliwa watoto watatu: Ntwali, Mugabo na Reine.

Kuna desturi moja ya nyumba yao ambayo lazima ielezwe hapa, kwa sababu ndiyo iliyoisumbua familia hii tangu Alhamisi ile. Mwenye kuchunga akifa, ng'ombe huambiwa kabla hajazikwa. Mwanawe wa kwanza, au damu ya mwanawe wa kwanza, husimama mbele ya kundi na kusema kwa sauti: "Aliyewachunga amelala. Msimtafute." Wasipoambiwa, walisema wazee, watamtafuta; watavunja ua, watakataa kukamuliwa. Kaka zake wakubwa walikuwa wamekwisha kufariki, kwa hiyo mwaka 1968 Ndagijimana ndiye aliyesema maneno hayo kwa ajili ya baba yake, mbele ya kundi la Gahira, huku Bwana Kofia amesimama kando na kofia mkononi.

Mwaka 1996 vita vilifika kwenye kilima chao. Watu wenye silaha waliingia asubuhi, na kufikia jioni hapakuwa na ng'ombe hai Gahira. Ndagijimana alikuwa na ng'ombe wake mwenyewe kumi na mmoja ndani ya kundi lile. Familia iliokoka kwa miguu, ikavuka kwenda Rwanda, na ikaishi kambini karibu na Byumba kwa miaka kumi na sita. Huko alichora mabango ya maduka ya vibanda. Huko pia mwaka 1998 alizaliwa Kirezi, binti pekee wa Ntwali, na huko mwaka 2001 Ntwali alifariki kwa homa. Mama wa mtoto alikuwa amekwisha kuondoka. Kirezi akalelewa na babu na nyanya yake, na nyanya ndiye anayemwita Mama.

Walifika Minnesota Februari 2013, na kosa la kwanza lilifanyika uwanja wa ndege. Mkalimani, kijana wa Mombasa aliyeitwa Mahfudh, alimuuliza mzee kazi aliyokuwa akifanya kwao. "Mchungaji," alijibu. Kwa Mahfudh, ambaye alikuwa Mwislamu aliyezungukwa na Wakristo wa Kongo tangu asubuhi, neno hilo lilikuwa na maana moja tu, naye aliitafsiri kwa heshima zote: mhubiri wa Injili. Jumapili iliyofuata kanisa letu lilituma gari. Mzee aliketishwa kwenye kiti cha mbele, akapewa maji ya chupa, kisha akaombwa asimame awasalimie watu na kuwaeleza utumishi wake.

"Nimekuwa mchungaji miaka arobaini na mitatu," alisema.

"Amina!"

"Nilianza na wadogo. Baadaye nikapewa mia mbili."

"Amina! Mungu ni mwema!"

"Wengi walikuwa wasikivu. Wachache walikuwa wakaidi, hao niliwapiga fimbo."

Amina zilipungua kidogo.

"Na mmoja," alisema kwa huzuni, "aliliwa na chui."

Mchungaji Murhula, ambaye ndiye mwenye kanisa na yuko hapa leo, anasema alijaribu kujizuia na akashindwa. Alicheka mpaka akashika mimbari. Lakini jina halikuondoka. Watu wa Coon Rapids na Blaine walimwita Mchungaji Ndagijimana hadi mwisho, na mzee hakuona kosa liko wapi, kwa kuwa walikuwa wakisema ukweli.

Alifanya kazi katika chumba cha kufulia mashuka cha hospitali moja, kuanzia 2013 hadi 2016. Alipoanza darasa la Kiingereza la jioni, mwalimu alimwona anachora pembeni mwa daftari, akamletea rangi. Mzee alikataa turubai kwanza kwa sababu ilikuwa nzuri mno. Alichora kwenye maboksi ya friji ambayo Mugabo alimletea kutoka kiwandani Plymouth. Kila picha ilikuwa Gahira: kilima kile kile, mto ule ule, siku ya chumvi, siku ya josho, ukungu, ng'ombe. Watu hawakuwemo. Na ng'ombe wote, hata wa ng'ambo ya mto ambao ni wadogo kama punje ya mchele, wameinua vichwa na wanatazama mbele, kumwelekea anayeitazama picha.

Mwalimu alimwambia kwa upole kwamba ng'ombe wa kweli huinama kula. Mzee alimjibu kwa Kiingereza chake kifupi, na Kirezi alikuwepo akasikia: "Hawa hawali. Wanasikiliza."

Wanasikiliza nini, hakusema. Kirezi alimuuliza mara moja tu, wakiwa garini. Alijibu kwamba desturi yao ina maneno ya kuwaambia ng'ombe kwamba mtu amekufa, lakini haina maneno ya kumwambia mtu kwamba ng'ombe wamekufa. "Sasa mimi niliambiwa na nani?" alisema. Kirezi hakuelewa, na taa ya barabarani ilikuwa imebadilika kuwa kijani.

Siku za Jumamosi Kirezi alimpeleka kwa Bwana Lindquist, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa kaskazini ya Blaine. Wazee hawa wawili hawakuwa na lugha ya pamoja. Waliegemea ua na kutazama. Mara ya kwanza mzee aliona kwamba ng'ombe wote hawana pembe, zimekatwa tangu wakiwa ndama, kama ilivyo kawaida ya hapa. Alivua kofia, akampa Lindquist mkono, akamwambia pole. Kirezi aliombwa atafsiri, akaona aibu, akasema babu yake anawasifu ng'ombe. "Umemwambia nini?" aliuliza mzee. "Nimemwambia pole yako," alijibu Kirezi kwa Kiingereza. Mzee alimtazama sana. "Uliyoisema wewe ilikuwa ndefu zaidi," alisema.

Ndivyo walivyozungumza. Yeye alisema kwa Kiswahili, mjukuu akajibu kwa Kiingereza, kama vijana wengi walio mbele yenu hapa. Kila mmoja alimwelewa mwenzake, na kila mmoja alidhani ana muda.

Aya ya ugonjwa haina la kusimulia, kwa kuwa hakuugua. Alhamisi ile alikula ugali na maharage mchana, akapiga pasi shati lake jeupe mwenyewe. Kirezi alifika kumchukua saa kumi na moja jioni. Walikuwa wamechelewa, na barabara ya kwenda mjini ilikuwa imejaa. Mzee aliketi ukingoni mwa kitanda kuvaa viatu.

"Wataniuliza nini hao watu?" alisema.

"Watauliza kwa nini hakuna watu kwenye picha zako," Kirezi alijibu, kwa Kiingereza.

Alicheka. "Wapo. Waambie—" alisema, kisha akainama kufunga kamba ya kiatu.

Kirezi alikuwa akitazama simu. Alidhani babu yake bado anafunga. Alimwambia, kwa Kiingereza, haraka Babu, twende. Akamwambia tena. Kisha akainua macho.

Daktari alieleza kwamba mshipa mkubwa wa damu karibu na moyo ulipasuka, kwamba hakukuwa na dalili, na kwamba hata angekuwa tayari hospitalini huenda asingeokolewa. Familia imeambiwa hivyo na haina sababu ya kubisha. Lakini maneno hayo hayajamfikia Kirezi bado. Amekaa siku zote hizi akirudia sentensi mbili: ile ambayo babu hakuimaliza, na ile ambayo yeye aliisema kwa mtu aliyekuwa amekwisha kufa.

Ijumaa asubuhi Mama Pascasie alisema jambo moja tu: "Ng'ombe wameambiwa?"

Mugabo alidhani ni huzuni inayosema. Haikuwa hivyo. Damu ya mwana wa kwanza ilikuwa Kirezi, na ng'ombe ambao marehemu aliwatazama miaka mitatu ya mwisho walikuwa wa Lindquist. Mzee Habimana wa baraza la kanisa alipinga. Alisema Mkristo haagwi kwenye zizi, na watu watasema tumerudia mambo ya kale. Yalisemwa mengi sebuleni siku hiyo. Mchungaji Murhula alisikiliza hadi chai yake ikapoa.

"Mzee Habimana," alisema mwishowe, "tulimpandisha mbele ya kanisa kama mchungaji bila kumuuliza. Tulipogundua ni mchungaji wa namna gani, tulimshusha?"

"Hatukumshusha."

"Basi tusimshushe leo. Na usiku ule wa Bethlehemu, malaika aliwapa habari wachungaji wakiwa na mifugo yao. Wewe unadhani kondoo waliziba masikio?"

 Habimana alisema tu kwamba yeye mwenyewe asingeingia kwenye matope na suti. Jumanne alikuja na mabuti.

Tatizo lililobaki lilikuwa la Kirezi. Alimwambia shangazi yake, Reine, kwamba hawezi. Tangu utotoni kambini alikuwa hajasema sentensi nzima ya Kiswahili mbele ya watu, na akijaribu binamu zake humcheka. Reine alimwonea huruma.

"Sema kwa Kiingereza, mama. Hao ng'ombe ni wa Minnesota. Kiswahili watakijulia wapi?"

"Hapana," alisema Mama Pascasie kutoka jikoni. "Hawaambiwi kwa lugha yao. Wanaambiwa kwa lugha ya aliyekufa."

Walifika Jumanne tarehe 26, asubuhi, magari manne. Lindquist alikuwa ameelezwa na hakuuliza swali. Alifungua lango, akavua kofia, akasimama kando. Kirezi alishika ua wa mbao. Ng'ombe walikuwa wametawanyika kwenye majani, wameinama, wanakula. Alifungua mdomo mara ya kwanza na halikutoka neno. Mara ya pili alilia. Hakuna aliyemsogelea, kwa maana desturi haimruhusu mtu kusaidia.

Kisha alisema, kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia: "Aliyewachunga amelala."

Walinyanyua vichwa. Wa karibu kwanza, kisha wa katikati, kisha wale wa mbali kabisa kwenye mstari wa miti, wadogo kama punje ya mchele, wote wakageuka na kumtazama yeye. Lindquist amesema baadaye kwamba ng'ombe humwinulia kichwa mtu yeyote anayepaza sauti uani, na hilo ni kweli, na liandikwe hapa. Lakini Kirezi hakuwa anawatazama tena ng'ombe wa Lindquist. Alikuwa ameiona picha, na alikuwa amesimama mahali ambapo mtu husimama akiitazama.

"Msimtafute," alimaliza.

Alirudi garini akamwambia Reine, kwa Kiswahili, na kwa makosa ya sarufi ambayo shangazi yake hatayasahihisha kamwe: "Watu yuko kwa picha, Shangazi. Ni ule anasimama mbele anawaambia. Babu alikuwa anawaambia wale wa Gahira. Kila picha, alikuwa anawaambia wasimtafute."

Picha ziko Minneapolis hadi mwisho wa Oktoba. Mnaokwenda mtasimama mahali pale pale. Mkiulizwa watu wako wapi, sasa mnaweza kumalizia sentensi yake.

Mzee Ndagijimana ametanguliwa na mwanawe Ntwali. Ameacha mjane, Mama Pascasie, aliyekuwa naye miaka arobaini na sita. Mwanawe Mugabo wa Plymouth na binti yake Reine wa Coon Rapids. Wajukuu sita, akiwemo Kirezi, ambaye ndiye atakayetupa udongo wa kwanza leo. Ndugu mmoja aliyebaki Masisi, ambaye amepewa habari kwa simu. Kanisa zima lililomwita Mchungaji. Na rafiki yake Lindquist, aliyesimama pale nyuma na kofia mkononi.

Ng'ombe wameambiwa. Sasa tumebaki sisi, na kwetu neno hili bado ni gumu: amelala, tusimtafute. Apumzike kwa amani.